Usiache Kitu Njiani: Niliyojifunza Katika Ukalimani wa Hospitali

Ukiishi Louisville, jimbo la Kentucky, watu wakishajua kwamba unazungumza Kiswahili na Kiingereza, simu yako haipumziki. Ndugu zetu wa Congo waliletwa huku kama wakimbizi kwa miaka mingi, wengine wakitokea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wengine Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Wazee wengi hawajui Kiingereza. Watoto wao wanakishika shuleni baada ya muda mfupi. Katikati tupo sisi tunaopigiwa simu usiku: "Dada, kesho uko na nafasi? Mama iko na randevu kwa munganga," yaani miadi kwa daktari.

Mimi ni Mtanzania. Nilianza kwa kwenda kumsaidia jirani, kisha jirani wa jirani, hadi nikaamua kuisomea kazi yenyewe. Sasa ni mkalimani wa hospitali, na ndiyo riziki yangu. Naandika haya kwa ajili ya yule atakayepigiwa simu hiyo kesho asubuhi. Wengi wanadhani ugumu wa kazi hii ni majina ya magonjwa. Majina ya magonjwa unaweza kuuliza, au kuyatafuta kwenye kamusi. Kinachowaumiza wagonjwa wetu ni maneno yanayoachwa.

Kwenye kozi tulisomeshwa utafiti wa daktari Glenn Flores na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Pediatrics. Walirekodi mazungumzo 13 kati ya madaktari na familia za watoto wagonjwa zinazozungumza Kihispania, wakayaandika yote, kisha wakahesabu makosa ya waliokuwa wakitafsiri. Walipata makosa 396, wastani wa 31 kwa kila mazungumzo, na asilimia 52 yalikuwa maneno yaliyosemwa na upande mmoja yasifike upande wa pili. Kulikuwa na maswali kuhusu mzio wa dawa ambayo mzazi hakuwahi kuulizwa. Kulikuwa na maelekezo ya antibayotiki, kiasi gani, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, yaliyoishia kwa mtafsiri. Mmoja wa watafsiri hao alikuwa ndugu wa mgonjwa mwenye miaka 11.

Niliusoma utafiti ule na moyo ukawa mzito, kwa sababu niliitambua hali hiyo. Neno likitafsiriwa vibaya mara nyingi hujitokeza lenyewe: mgonjwa anashangaa, daktari anakunja uso, mtu anauliza tena. Neno lililoachwa halionekani. Daktari anaandika kwenye faili kwamba amemweleza mgonjwa. Mgonjwa anarudi nyumbani hajui kama kuna kitu kilisemwa. Ikitokea shida, yeye ndiye anayeambiwa hakufuata maelekezo.

Kozi yangu ilikuwa ya saa 40, kiwango cha chini kinachotakiwa kabla ya kufanya mtihani wa kitaifa wa wakalimani wa afya. Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni mambo matatu ambayo mkalimani haruhusiwi kuyafanya: kuongeza, kubadilisha na omit, yaani kuacha kitu kisifike. Mama mmoja wa Kisomali darasani akauliza, "Je, kama nimesahau tu?" Mwalimu akamjibu kwamba ni ileile omit.

Jibu hilo lilinikaa, kwa sababu Kiswahili chetu hakiendi hivyo. Sisi tuna kuruka, kusahau, kuficha, kupuuza, kudondosha, na kila neno linabeba nia ya mtu ndani yake. Aliyeficha si sawa na aliyesahau. Mmoja tutamlaumu, mwingine tutamsamehe. Neno la Kiingereza omit halijali nia. Linatazama mahali ambapo kitu kilipaswa kuwepo na kusema: hakipo. Ndiyo maana wanalitumia hata kwa tendo. Kuacha kumwambia mgonjwa jambo ni omission, na kuacha kufanya ulilopaswa kufanya pia ni omission, na mahakamani kutotenda kunaweza kumtia mtu hatiani sawasawa na kutenda. Nilipoanza kupata kazi za kujitegemea, neno hilohilo lilinifuata kwenye mkataba: wakala mmoja anayewapangia wakalimani kazi alitaka niwe na bima ya makosa na omissions. Unalipia kinga dhidi ya ulichosema vibaya, na dhidi ya ulichokiacha pia. Nashauri uwe nayo kama unafanya kazi bila mwajiri. Pia uisome yote, hasa ukurasa unaotaja yale ambayo bima haiyalipii.

Zoezi lililonifunza zaidi lilikuwa la kurekodiana. Mmoja anakuwa daktari, mmoja mgonjwa, mmoja mkalimani, na simu inarekodi. Baadaye tukasikiliza tena tukiwa na karatasi, kila kilichosemwa na kisichofika tunakipigia mstari mwekundu. Hakuna aliyetoka na karatasi safi, wakiwemo wenzetu waliokuwa wamefanya kazi hii kwa miaka. Cha ajabu ni kwamba mistari yetu ilikuwa sehemu zilezile. Daktari akitaja vitu vitano, cha kwanza kinafika, cha mwisho kinafika, vya katikati vinapotea. Namba zinapotea. Jina la dawa ya pili linapotea. Vile vineno vidogo, "kidogo," "labda," "mara nyingine," vinapotea karibu kila mara, na daktari anavihitaji, maana maumivu ya mara nyingine si maumivu ya kila siku. Na kila kinachokuja baada ya "isipokuwa" kiko hatarini.

Tangu siku hiyo natembea na kijitabu. Siandiki sentensi. Naandika namba, majina ya dawa, na alama yangu ya "si" na "isipokuwa". Daktari akianza kuorodhesha, nahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na kama vidole ni vitano nami nimetoa vinne, najua pa kurudi. Akizidi kuongea nainua mkono aishie hapo kwanza. Mwanzoni nilikuwa naona haya kumkatiza daktari, mtu mzima mwenye koti jeupe na haraka zake. Kumbe madaktari wazuri wanashukuru. Kazi ikiisha, karatasi hizo nazichana palepale hospitali, kwa sababu ni siri za mtu.

Halafu kuna Kiingereza cha hospitali chenyewe, ambacho kina maneno yake ya kuacha, na hayasikiki kama kuacha. La hatari kuliko yote ni hold. Shuleni tulifundishwa kwamba ni kushika. Hospitali wakikwambia u-hold dawa, wanamaanisha usiinywe kwa muda.

Nitasimulia kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha mambo ili mwenyewe asijulikane. Bibi mmoja wa Kivu Kusini alikuwa akitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Alipangiwa upasuaji, na nesi akapiga simu nyumbani kusema a-hold dawa hiyo siku tano kabla. Aliyepokea simu ni mjukuu, mtoto wa shule. Akamfikishia: "Bibi, wanasema ushike dawa." Siku ya upasuaji nilimkuta bibi kwenye chumba cha maandalizi, ameshavalishwa gauni la hospitali, kiganjani ana kichupa cha vidonge kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Nesi akataka kukiweka mezani, bibi akakataa. Aliambiwa ashike, naye ameshika tangu nyumbani. Na kidonge cha jana usiku alikimeza kama kawaida. Walipopima damu ikaonekana bado nyepesi mno, upasuaji ukaahirishwa. Mwanawe alikuwa ameomba ruhusa kiwandani siku hiyo, na ruhusa yenyewe haikuwa na malipo.

Simlaumu mtoto yule hata chembe. Alitafsiri neno alilolijua, na zile siku tano zikapotea kwa sababu kwenye "kushika" hazina maana yoyote. Ninachokililia ni kwamba hakupaswa kuwa yeye. Kifungu cha 1557 cha sheria ya afya ya Marekani ya mwaka 2010 kinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani aliyehitimu, bila kumtoza chochote. Kanuni zake zinakataza kumtegemea mtoto kutafsiri, ila kukiwa na dharura inayotishia usalama au ustawi wa mtu na mkalimani aliyehitimu hapatikani haraka. Watu wetu wengi hawajui haya. Wanamtoa mtoto darasani aende kumweleza mama yake habari za kizazi.

Maneno mengine ya kuangalia: skip, yaani ruka. Kwenye vidonge vingi wanasema ukisahau kidonge na muda wa kinachofuata umekaribia, kiruke kile ulichosahau, usimeze viwili kwa pamoja. Ukiacha hiyo "usimeze viwili", mgonjwa mwaminifu atafidia deni. Kuna except kwenye kufunga kula kabla ya upasuaji: usile wala kunywa chochote baada ya saa sita usiku, isipokuwa funda la maji la kumezea dawa ya presha asubuhi. Mtu akifikishiwa nusu ya kwanza tu, atakuja na presha juu kwa sababu ametii. Na kuna rule out. Daktari akisema anapima ili ku-rule out saratani, maana yake anataka kuhakikisha kwamba siyo. Mgonjwa anayejua Kiingereza cha kuokoteza analisikia neno saratani peke yake, analia pale kitini. Hapo fikisha sentensi nzima, taratibu: "Nataka kipimo hiki ili tuwe na hakika kwamba si saratani."

Upande wa pili nao una mitego yake, yaani upande wa mgonjwa wetu.

Daktari wa Kimarekani anauliza swali la maneno matatu: tangu lini inauma? Mama wa Kicongo hajibu kwa maneno matatu. Mmoja aliulizwa kuhusu mgongo, akaanzia walipovuka ziwa. Akaeleza miaka ya kambini, kuni alizobeba, siku alipoanguka na mzigo, mganga aliyemchanja, na mizizi aliyopewa achemshe, ambayo mpaka leo dada yake anamtumia kwa mtu anayesafiri. Daktari alikuwa akitazama saa ya ukutani. Kila kitu ndani ya chumba kile kilikuwa kikinisukuma niseme, "Miaka minane," tuendelee na safari. Nilimwomba mama atue kila baada ya sentensi chache, nikayaleta yote kwa mpangilio wake. Nilipofika kwenye mizizi daktari akaacha kuandika. Akauliza ni mizizi gani, anakunywa mara ngapi, na kama anakunywa pamoja na vidonge vya presha. Mazungumzo yote yaliyobaki yalikuwa juu ya mizizi hiyo.

Si kazi yangu kuamua lipi katika simulizi ya mgonjwa lina maana. Sikusomea udaktari.

Kiswahili cha Congo nacho kinaweza kukudondoshea maneno kama umezoea cha Dar es Salaam au Nairobi. Mtu anasema ana tansio, neno la Kifaransa, akimaanisha presha ya damu. Ukidhani ni msongo wa mawazo umeshapotea. Anasema kichwa "inaluma", yaani kinauma, nawe ukaanza kutafuta nini kimemng'ata. Ukisikia neno usilolijua, kishawishi ni kulipita kimyakimya na kuokota maana ya jumla. Usilipite. Sema, "Mkalimani anaomba mama aeleze neno hilo," kisha umwambie na daktari unachouliza, ili asibaki nje ya mazungumzo.

Aibu ndiyo inayoacha maneno mengi kuliko haraka. Mimi ni mwanamke, na mara nyingine niko mbele ya mzee wa umri wa baba yangu, daktari anauliza kama mkojo unatoka wenyewe, kama uume unasimama. Tumelelewa kwa staha, na Kiswahili kina tafsida nzuri kwa mambo haya. Zitumie, lakini zipime kwanza. Daktari akiuliza kama mtu anajamiiana, nawe ukasema "tendo la ndoa", kijana asiye na mke atajibu hapana, na hatakuwa amedanganya. Hapo wewe ndiye uliyeacha nusu ya swali nje. Siku hizi nasema "kukutana kimwili na mtu yeyote". Na kabla hatujaanza, nje ya mlango, namwambia mzee: "Shikamoo baba. Mimi ni mkalimani wako leo. Kila atakachosema daktari nitakuletea kama kilivyo, hata kama kinatia haya, na kila utakachosema wewe nitampelekea. Usiseme kitu usichotaka afahamu. Na ya humu ndani hayatoki." Wazee wakisikia hivyo wanatulia, kwa sababu wameelewa kwamba si binti anayewauliza.

Ile ya "kila utakachosema" ni ya kweli kabisa. Wapo watakaokunong'oneza, "Huyu munganga ni mutoto, ataweza?" Litafsiri. Wapo jamaa watakaokuvuta pembeni wakuombe umfiche mama kwamba ni saratani. Wanaomba kwa upendo, na kwetu ni desturi kumkinga mgonjwa. Waambie walete ombi hilo kwa daktari, wewe utawatafsiria. Daktari anaweza kumuuliza mama mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Ila wewe usikubali kuibeba siri hiyo, maana ukishaacha neno moja kwa upendo, kila utakachosema baadaye lazima kilinde lile uliloliacha.

Sasa nifike kwenye lililonigharimu zaidi. Mkalimani huzungumza kwa nafsi ya kwanza. Mgonjwa akisema "mguu unaniuma," sisemi "anasema mguu unamuuma", nasema "mguu unaniuma." Kwa mguu ni rahisi. Lakini wanawake wengi niliowatafsiria wamepitia vita vya mashariki ya Congo, na siku moja daktari anauliza swali la kawaida la uzazi, na mama anaanza kueleza walichomfanyia wanaume wenye silaha. Mimi ndiye ninayesema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu, "walinikamata." Mwili wote unataka kukimbilia "alikamatwa", au kufupisha kuwa "alifanyiwa ukatili" ili iishe. Sifupishi. Mama amepata nguvu ya kuyasema yote, mara nyingine kwa mara ya kwanza, na mimi nani niyapunguze? Lakini nilikuwa narudi nyumbani siwezi kula. Nilinyamaza miezi kadhaa kwa sababu ya kiapo cha siri, nikidhani kiapo kinanizuia kuomba msaada. Hakizuii. Unaweza kumweleza mshauri hali yako bila kutaja mgonjwa wala hospitali. Waulize wakala wako kama wana huduma hiyo, na uulize mapema, kabla hujaihitaji. Na kama unajua hutaweza kesi za aina fulani, zikatae kabla ya kuingia chumbani.

Kuhusu fedha niseme wazi. Kozi yangu ilinigharimu dola mia kadhaa, na mtihani ukaja na ada yake. Mtihani wa kuzungumza haupo kwa Kiswahili. Tunafanya ule wa maarifa kwa Kiingereza, unaoitwa CoreCHI. Kazi za simu hulipwa kwa dakika, na dakika za kusubiri hazina malipo. Za kwenda mwenyewe zinalipa kwa saa, lakini mgonjwa asipotokea, malipo yanategemea ulichosaini. Mwaka wa kwanza sikuweza kuishi kwa kazi hii peke yake. Usiache kazi nyingine mapema.

Na kama wewe si mkalimani, ni jirani tu uliyepigiwa simu, hiki ndicho ningekuomba ufanye. Usikimbilie kuvaa viatu. Ipigie hospitali, uwaambie mgonjwa anahitaji mkalimani na wamwandalie kabla ya siku yenyewe. Muulize mzee lugha inayomtoka akiwa na maumivu. Wengi wameandikiwa Kiswahili kwenye makaratasi yao tangu kambini, lakini mtu anawaza kwa Kibembe au Kinyamulenge, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Ikiwa ni hivyo, litaje jina la lugha hiyo kwenye simu, waliandike kwenye faili. Kisha nenda naye ukae kando yake kama ndugu, umshike mkono, na mkalimani akimaliza umwombe daktari amtake mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe: dawa ipi, kiasi gani, mara ngapi, lini aache. Sikiliza anaporudia, na kama kuna kitu kimepungua, sema mbele ya wote kabla hamjatoka chumbani.